Namua imekwisha, mtaji umeingia: kujua sataranji imegeuka lini

Kwenye bao la Kiswahili hakuna ubishi. Kila mchezaji ana kete 32: kumi zimeshakaa ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zimebaki mkononi. Kila zamu unanamua moja, yaani unaiingiza ubaoni kutoka mkononi. Mkono ukibaki mtupu, mtaji umeingia, na tangu hapo unacheza kwa zile zilizo ubaoni tu. Hata mtoto aliyesimama nyuma ya mkeka anajua mchezo umegeuka.

Sataranji haina mkono wa kuishiwa. Askofu anakwenda mshazari hatua ya kwanza, na hatua ya sitini bado anakwenda mshazari. Kinachogeuka ni thamani. Mfalme aliyekuwa mzigo wa kufichwa anakuwa mfanyakazi, na askari wa pembeni uliyemsahau anakuwa ndiye anayeamua nani kashinda. Asiyeuona mgeuko huo anaendelea kucheza mchezo uliokwisha, na hapo panapotea pointi nyingi kuliko kwenye mitego ya ufunguzi inayopigiwa debe mitandaoni.

Sehemu tatu za mchezo, mwanzo, katikati na mwisho, nitaziita ufunguzi, mchezo wa kati na umaliziaji. Kete nitaziandika kwa herufi zinazotumika kila mahali mtandaoni: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi. Herufi ndogo na namba ni nyumba ambako kete inakwenda, x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme ametishiwa, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Mweusi. O-O ni ile hatua ya kumficha mfalme upande wa g na h.

Kwanza tuitupe hesabu ya hatua. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba ufunguzi ni hatua kumi za mwanzo, na umaliziaji unaanza karibu na ya arobaini. Chukua ufunguzi uitwao King's Indian: 1.d4 Nf6 2.c4 g6 3.Nc3 Bg7 4.e4 d6 5.Nf3 O-O 6.Be2 e5 7.O-O Nc6 8.d5 Ne7. Hakuna kete iliyoliwa. Askofu mweusi wa c8 hajatoka, wala mweupe wa c1, na ngome zote nne hazina kazi. Hata hivyo ufunguzi umekwisha pale pale kwenye 8.d5. Katikati pamefungwa, na askari ndio wanaoelekeza safari: Mweupe atasukuma c5 upande wa malkia, Mweusi atamwondoa farasi wa f6 ili asukume f5 upande wa mfalme. Anayeendelea kutafuta “pa kumtoa askofu wa c8” kwa sababu kitabu kilisema toa kete zote, anapoteza zamu, na mara nyingi anampoteza askofu mwenyewe. Pale c8 askofu huyo anafanya kazi tayari: anaulinda mshazari wa kwenda h3, ambako mashambulizi ya Mweusi yanaishia.

Sasa geuza upande. Ufunguzi uitwao Berlin: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8. Hatua ya nane vilevile, lakini malkia wote wameliwa na mfalme mweusi amesimama d8, hana tena haki ya kujificha. Vladimir Kramnik aliutumia ukuta huu London mwaka 2000 alipomvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia kwa 8.5 dhidi ya 6.5, na Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja. Hatua nane na hatua nane, lakini mbao mbili zisizofanana kwa lolote. Kuhesabu hatua hakukwambii kitu.

Kompyuta nazo zinalazimika kuamua mpaka uko wapi, na njia zake zinafaa kuzijua kwa sababu unaziona kila unapochambua mchezo. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inahesabu malkia, ngome, maaskofu na farasi wa pande zote mbili. Wafalme na askari hawamo. Mwanzo wa mchezo ni 14. Zikibaki 10 au pungufu, inaandika mchezo wa kati. Zikibaki 6 au pungufu, inaandika umaliziaji. Mchezo wa kati unaweza pia kuanza mapema ikiwa safu ya nyumbani ya upande mmoja imebaki na kete chini ya nne, au kete za pande mbili zimeingiliana sana katikati ya ubao. Ni kipimo cha haraka na hakijifanyi kuwa zaidi ya hapo. Kwa zile hesabu mbili za mwanzo, King's Indian yetu ya 8.d5 ingali ufunguzi: kete 14 zote zipo, na safu ya nyumbani ina tano kila upande ukimhesabu mfalme. Berlin ya hatua ya nane ina kete 10 kamili, kwa hiyo ni mchezo wa kati. La pili nakubaliana nalo, la kwanza hapana.

Injini, yaani programu za kompyuta zinazocheza sataranji, nyingi zilizoandikwa kwa njia ya zamani zilikuwa na busara zaidi: hazikuweka mpaka kabisa. Farasi alipewa 1, askofu 1, ngome 2, malkia 4. Jumla ya ubao mzima ni 24. Kila nyumba ilikuwa na bei mbili, ya mchezo wa kati na ya umaliziaji, na injini ilizichanganya kulingana na kilichobaki kwenye ile 24. Mfalme akiwa g1 alisifiwa kwa bei ya kwanza na kukemewa kwa bei ya pili. Akiwa d4 kinyume chake. Malkia wakiliwa inabaki 16. Berlin ni 14. Ngome moja na kete moja ndogo (askofu au farasi) kila upande ni 6. Injini ya Stockfish ya siku hizi inatumia mtandao wa neva na haina haja ya jedwali hilo, lakini kwa binadamu aliyekaa mbele ya ubao 24 hiyo ni msaada mzuri, kwa sababu inakukumbusha kwamba mgeuko unakuja kidogokidogo, na kila mnapolana kete mnasogea hatua moja mbele.

Ufunguzi unaisha, basi, unapoweza kujibu maswali matatu. Mfalme wangu atakaa wapi? Ngome zangu zinaonana, yaani hakuna kete kati yake kwenye safu ya nyumbani, au kama hazionani, kuna sababu ninayoijua? Na askari wa katikati wameshaamua: wamefungana, wameliwa, au bado wanatazamana? Hilo la tatu ndilo zito. Askari wa e4 na e5 wakitazamana na d4 ikiwa inakuja, mpango wowote wa pembeni ni kamari, maana mtu mmoja akifungua mstari wa katikati shambulio lako la h4-h5 linabaki halina maana. Wakishafungana kama kwenye King's Indian, unaruhusiwa kukimbiza askari wa pembeni hata kama kete mbili bado zimelala.

Kosa linaloonekana zaidi hapa halina kelele. Mchezaji amemaliza kutoa kete, amemficha mfalme, kisha anacheza Re1, h3, a3, Bd2, hatua nne “za kuboresha”. Hakuna iliyo mbovu ukiitazama peke yake. Lakini mwenzake katika zamu hizo nne ameshachagua upande, amesukuma askari wawili na kuufungua mstari. Ukijiona unacheza hatua ambayo ingefaa pia kwenye mchezo mwingine wowote, jua ufunguzi umeshaisha na hujatambua. Tazama askari wanaelekeza wapi: mnyororo wa askari wako ukielekea upande wa mfalme, huko ndiko una nafasi, ukielekea upande wa malkia, kazi iko huko. Halafu chagua askari mmoja wa kusukuma na uulize ni kete gani zitamsaidia. Mpango wa mchezo wa kati mara nyingi hauzidi hapo.

Mpaka wa pili ndio unaogharimu. Watu wanasema malkia wakishaliwa, umaliziaji umeanza. Si kweli, na mfano wa wazi uko St. Petersburg 1914, Emanuel Lasker dhidi ya José Raúl Capablanca: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 a6 4.Bxc6 dxc6 5.d4 exd4 6.Qxd4 Qxd4 7.Nxd4. Hatua ya saba, malkia hawapo. Kwenye karatasi Mweupe ana faida ya umaliziaji: upande wa mfalme ana askari wanne dhidi ya watatu, na upande wa malkia wanne wa Mweusi wamepandana kwenye c, hivyo hawawezi kumfungulia mmoja wao njia kwa urahisi. Ondoa kete zote, bakiza wafalme na askari, Mweupe anashinda. Kila anayecheza ufunguzi huu anaijua hesabu hiyo.

Lasker hakuifuata. Hatua ya 12 alisukuma f5, akaikubali e4 ibaki nyuma bila askari wa kuilinda, akaufanya wingi wake wa askari uwe mzito kusogea. Alichopata ni nyumba ya e6: farasi wake akapanda pale, akakaa kooni mwa Mweusi, na ngome za Capablanca zikakosa hewa. Huo haukuwa umaliziaji. Ulikuwa mchezo wa kati usio na malkia, wenye kete kumi ubaoni, na ulishindwa kwa kubanwa. Anayedhani malkia wakiondoka ameruhusiwa kupumzika na kuhesabu askari, huu ndio mchezo wa kumwonyesha.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini kuliko hesabu zote ni hiki: mfalme akitoka kwenda katikati ya ubao, kilichobaki kwa mpinzani kinaweza kumtia hatarini? Malkia akiwepo na kete nyingine yoyote, jibu karibu kila mara ni ndiyo, mfalme akae. Ngome mbili na kete ndogo, bado; asogee e2 au f2, asivuke. Ngome moja na kete ndogo moja, anaweza kutoka ukihakikisha hakuna farasi atakayempiga cheki huku akilenga ngome yako. Zikibaki kete ndogo tupu, kila zamu ambayo mfalme hatembei unatakiwa uwe na sababu yake. Na usisahau kwamba ngome zikiwepo, kufa kwenye safu ya nyumbani, mfalme akinaswa nyuma ya askari wake, bado kupo. Tofauti ni kwamba kwenye mchezo wa kati unafungua dirisha kwa h3. Kwenye umaliziaji dirisha zuri zaidi ni mfalme mwenyewe kuondoka, Kf1, Ke2, na umepata mambo mawili kwa gharama moja.

Hesabu safari yake kabla hamjalana. Kutoka g1 hadi d4, f2 ikiwa wazi, ni hatua tatu: f2, e3, d4. Askari akiwa bado f2 ni nne: f1, e2, d3, d4. Mwenzako ambaye mfalme wake alilazimika kumla malkia wako pale d8, na wewe ukacheka kwamba kapoteza haki ya kujificha, yuko hatua moja tu kutoka d7. Kwenye mchezo wa kati ulimdhuru. Kwenye umaliziaji umemlipia nauli.

Mfalme siye pekee anayebadilika bei. Askari wa d4 aliyebaki peke yake, hana jirani c wala e, ni silaha kete zikiwa nyingi: anampa Mweupe nyumba za e5 na c5 na mistari ya wazi kwa ngome. Kila kete ndogo inayoliwa inamdhoofisha, na mwisho anabaki mzigo unaolindwa mchana na usiku, huku farasi au askofu wa mpinzani amesimama mbele yake d5 bila wa kumfukuza. Mwenye askari huyo akubali kulana kwa shingo upande. Anayepigana naye akaribishe. Maaskofu wa rangi tofauti nao: malkia na ngome zikiwepo wanamnufaisha anayeshambulia, kwa sababu askofu wa mlinzi hazigusi zile nyumba zinazopigwa. Kete nyingine zikiondoka, ubao huohuo unakuwa sare hata mtu akiwa nyuma kwa askari mmoja, wakati mwingine wawili. Mshambuliaji anayekubali kulana malkia pale, eti kwa sababu ana askari zaidi, amejinyang'anya ushindi kwa mkono wake.

Na askari wa pembeni, a au h, aliyefunguliwa njia. Kete zikiwa nyingi hana haraka, mtu anamzuia kwa kete yoyote. Wakibaki wafalme na askari, mfalme wa mpinzani analazimika kumfuata huko pembeni, na wa kwako anaingia kula waliobaki upande wa pili.

Umaliziaji wa ngome ndio unaojitokeza mara nyingi kuliko mwingine, na somo lake la mfalme halijapitwa na lile la New York 1924, Capablanca dhidi ya Savielly Tartakower. Kila upande una ngome moja. Ngome nyeupe iko h7, askari mweupe g5, na Mweusi anaanza kula askari. Mchezaji wa kawaida anarudi kulinda. Capablanca alicheza 35.Kg3 Rxc3+ 36.Kh4 Rf3 37.g6 Rxf4+ 38.Kg5 Re4 39.Kf6. Ametoa askari wawili, wote kwa cheki, na mfalme wake amefika f6. Tazama kilichomkinga pale: askari mweusi wa f5. Capablanca hakuwa na haraka ya kumla, kwa sababu akiwepo, ngome nyeusi haiwezi kupiga cheki kwenye mstari wa f. Mfalme, ngome ya h7 na askari wa g6 wamemzunguka mfalme mweusi, na wale askari wawili wanarudi baadaye na faida: Mweusi alilazimika kurudi kwenye ulinzi, Mweupe akaokota c7 hatua ya 41 na f5 hatua ya 42. Mfalme huyohuyo, kwenye f6, malkia mweusi angekuwepo, angekufa katika zamu mbili tatu.

Upo pia mlango wa tatu, ambao wengi hawauhesabu kuwa mpaka: kulana kete ya mwisho na kubaki askari watupu. Huu ndio ulio karibu na bao, maana ukivuka hurudi, na hakuna hisia wala mtindo ndani yake, ni hesabu tupu. Weka ubaoni hivi. Mweupe: mfalme d4, ngome a7, askari e4. Mweusi: mfalme e8, ngome e7. Zamu ya Mweupe, na ngome zinatazamana. Akila, 1.Rxe7+ Kxe7 2.Ke5, wafalme wamekabiliana uso kwa uso na nyumba moja katikati yao, na zamu ni ya Mweusi. Lazima apishe. 2...Kd7 3.Kf6, au 2...Kf7 3.Kd6, au 2...Ke8 3.Ke6, kote mfalme mweupe amekanyaga moja ya nyumba tatu zinazoamua (d6, e6, f6 kwa askari wa e4), na askari atageuka malkia.

Sasa mrudishe mfalme mweupe nyumba moja tu, d3. Kila kitu kingine kibaki vilevile. 1.Rxe7+ Kxe7 2.Kd4 Kd6, na safari hii wamekabiliana lakini zamu ni ya Mweupe. 3.e5+ Ke6 4.Ke4 Ke7 5.Kd5 Kd7, sare. Nyumba moja. Ukiwa d3 usile, cheza 1.Ra8+, ngome ibaki, mfalme aendelee kutafuta njia, na mpinzani aendelee kupata nafasi za kukosea. Anayesema “niko mbele askari, nalana kila kitu” amekumbuka nusu ya kanuni. Kanuni nzima ni kwamba ukiwa mbele unalana kete na kuwahifadhi askari, ukiwa nyuma unalana askari na kuzihifadhi kete, hasa ngome. Lakini kulana kete ya mwisho kabisa hakuna kanuni, kuna kuhesabu hadi mwisho wa mstari. Ngome na askari dhidi ya ngome mara nyingi ni sare kwa anayejua kujilinda, na mfalme na askari dhidi ya mfalme kunategemea zamu ni ya nani. Usitoke kwenye kimoja kuingia kingine kwa kubahatisha.

Saa. Mashindano mengi ya michezo mirefu yanatoa dakika 90 kwa hatua 40, kisha dakika 30 za nyongeza, na sekunde 30 kila hatua. Mlango wa pili na wa tatu huja mara nyingi kati ya hatua ya 30 na ya 40, yaani wakati dakika zimebaki kiganjani na kichwa kimechoka. Mpinzani anatoa malkia alane naye, unaona hesabu imekuwa rahisi, unakula kwa sekunde tano. Fanya kinyume. Kila panapotokea nafasi ya kulana malkia au kulana kete ya mwisho, tumia dakika zako tano hapo, hata kama ulizibana kwa shida. Jiulize kwa mpangilio huu: baada ya kulana, zamu ni ya nani? Mfalme wa nani ana safari fupi kwenda katikati? Nikiondoa kete zote zilizobaki, askari peke yao wanasema nani kashinda? Jibu la tatu likiwa baya kwako, basi malkia wabaki hata kama unaogopa shambulio, au angalau zibaki ngome. Mashindanoni usijiandikie kikumbusho cha haya kwenye karatasi ya hatua. Sheria haziruhusu maandishi ya kujisaidia pale.

Nyumbani unaruhusiwa. Chukua michezo yako 20 mirefu ya karibuni, zima injini, na kwenye kila mmoja weka alama mbili: hatua ambayo unadhani ufunguzi uliisha na hatua ambayo unadhani umaliziaji ulianza. Andika pia hatua ambayo mfalme wako alisogea kwa mara ya kwanza baada ya alama ya pili. Halafu washa injini na uangalie tathmini hatua tatu kabla na hatua tatu baada ya kila alama. Ikiwa mfalme wako huwa anachelewa hatua tano au sita kila mchezo, umeupata ugonjwa. Ikiwa tathmini inaanguka pale malkia wanapoliwa, tatizo ni uamuzi wa kulana, wala si ufundi wako wa umaliziaji, na kusoma mbinu za ngome mwezi mzima hakutalitibu.

Kisha, ili kipimo cha mfalme kisikuzoeshe vibaya, tafuta mchezo wa Nigel Short dhidi ya Jan Timman, Tilburg 1991. Malkia wote wawili wapo ubaoni, ngome zipo. Short anamtembeza mfalme wake 31.Kh2, 32.Kg3, 33.Kf4, 34.Kg5, anaelekea h6 kumsaidia malkia wake wa f6 kumaliza kazi pale g7, na Timman anakubali kushindwa. Kete nyeusi zilikuwa zimefungwa kamba zote, hakuna iliyoweza kumfikia mfalme huyo njiani. Swali ni lilelile: kilichobaki kwa mpinzani kinaweza kumgusa? Short alijibu hapana, malkia akiwepo.